Utaondoka Kabla Fedha Hazijafika

Siku yangu ya kwanza ya fildi, katika jumba moja la makumbusho huku mwambao, mhifadhi alininyang'anya kalamu. Aliichukua kwa upole, akaitia kwenye droo, akanipa penseli. "Wino ukidondokea kitambaa cha miaka 70, mwanangu, hakuna sabuni," alisema. Nilicheka kimoyomoyo. Mimi nilikuwa nimekuja na barua ya chuo yenye mhuri, kompyuta mpakato ya kuazima na wazo kubwa: kuchangisha fedha kwa umma ili jumba lile lipate onesho jipya la khanga. Penseli haikuwamo kwenye mpango wangu.

Wiki 8 zilipokwisha niliondoka sijakusanya hata shilingi moja. Onesho lilikuja kufanyika, na fedha zilitoka mifukoni mwa watu wa kawaida kama nilivyoota, ila mimi nilikuwa nimesharudi darasani. Kwa muda mrefu nililihesabu hilo kuwa kushindwa. Siku hizi kijana anayekwenda kufanya mafunzo kwa vitendo makumbusho akija kuniuliza, humwanzia hapo hapo: utaondoka kabla fedha hazijafika. Fildi ni wiki 8, ukibahatika 12. Mchango wa umma, tangu siku ya kuchagua vioneshwa hadi siku ya kusoma matumizi mbele ya waliotoa, ni kazi ya miezi. Kwa hiyo usijipime kwa kiasi utakachochangisha. Jipime kwa faili utakaloliacha, kama mtu mwingine akilifungua ataweza kuendelea ulipoishia bila kukupigia simu.

Jambo la pili huwaudhi. Wiki mbili za kwanza usitaje fedha kabisa. Ingia stoo.

Mgeni wa makumbusho huona sebule tu; mali yenyewe ipo stoo. Huko utajifunza kubeba chungu kwa mikono miwili, kwa kukipakata chini, kamwe si kwa mkono wake au mdomo wake. Utajifunza kwamba kitu kisicho na namba ya usajili ni kama mtoto asiye na cheti: yupo, lakini hakuna anayeweza kumthibitisha. Kama mkusanyo wenu ni wa nguo, utajifunza kwamba kitambaa hukiangazii taa inayozidi laksi 50 hivi, kwa sababu mwanga hula rangi na rangi ikishaliwa hairudi. Utaambiwa usikunje khanga kuukuu mara nne kama ya sandukuni kwa shangazi, maana kwenye kunjo ndipo uzi unapokatikia. Huviringishwa kwenye bomba lililofunikwa kwa karatasi isiyo na asidi. Utaambiwa pini za chuma ni mwiko, kwani unyevu wa pwani huzitia kutu na kutu huacha doa la kahawia. Na ukishangaa kukuta friza kwenye ofisi ya wahifadhi, jua si ya samaki: nguo iliyoingiwa na wadudu hufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi, wadudu na mayai yao wafe bila dawa ya sumu.

Utauliza, haya yana uhusiano gani na kuchangisha? Kila moja ya sentensi hizo ni mstari kwenye bajeti. Mimi bajeti yangu ya kwanza niliiandika siku ya tatu, nikaweka "taa, shilingi 200,000", nikiwaza glopu za dukani. Mhifadhi aliisoma, akaninunulia chai, akanirudisha stoo.

Stoo pia ndipo utakapojua kukisoma kitu. Khanga ina sehemu tatu, pindo linaloizunguka, mji ulio katikati na jina, yaani yale maneno. Ukitazama ukingoni utakuta alama ya mtengenezaji. Nyingi za zamani na za sasa zina maandishi ya Mali ya Abdulla, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lililoanza mwaka 1887. Ukikuta jina limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, hiyo kwa kawaida ni ya zamani kuliko zenye herufi za Kilatini. Nyingine huvaa mwaka wake waziwazi: mwaka 2008 zilichapwa hata za kumpongeza Barack Obama. Kitu usichoweza kukisoma huwezi kukisimulia, na usichoweza kukisimulia hutakichangishia.

Huko huko stoo ndiko nilikofanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya. Bibi mmoja wa jirani alisikia kwamba tunatafuta khanga, akaja na doti aliyovaa siku ya harusi yake, imefungwa kwenye gazeti. Niliipokea kwa furaha, nikamshukuru, nikaiweka juu ya kabati nikisema nitaiandika baada ya chakula cha mchana. Mchana walikuja wanafunzi wa shule ya msingi, 60 na kitu, na mimi ndiye niliyepangwa kuwatembeza. Kesho yake bibi alirudi kuuliza kama tumeipenda. Tuliitafuta siku tatu. Kumbe mfagizi aliiona ipo na gazeti, akadhani ni kitambaa cha vumbi, akaiweka pamoja na mafagio. Haikuharibika, Mungu mkubwa. Lakini tangu siku hiyo najua kwamba kitu cha mtu hakipiti mlangoni bila karatasi: fomu ya kupokea yenye tarehe na saini mbili, picha ya mbele na nyuma, maelezo ya hali yake (tundu liko wapi, doa liko wapi), na hati ya azima inayosema kitarudishwa lini na nani atawajibika kikipotea. Ukishindwa kutunza khanga ya bibi mmoja, kwa nini watu 400 wakukabidhi fedha zao?

Ukishajua kilichopo, chagua kimoja.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanachangisha kwa ajili ya "kuboresha maonesho", au "kuhifadhi urithi wetu". Hakuna anayepinga urithi wetu, na hakuna anayeutolea fedha. Watu hutoa kwa kitu wanachoweza kukinyooshea kidole. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ina mamilioni ya vitu, lakini tarehe 20 Julai 2015 ilipoamua kuwaomba watu wa kawaida kupitia Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha, haikuomba kwa ajili ya jumba la anga. Iliombea suti moja, ile aliyovaa Neil Armstrong mwezini. Lengo lilikuwa dola 500,000 kwa siku 30. Watu 9,477 walitoa dola 719,779. Jumba la Louvre nalo, mwaka 2010, liliombea mchoro mmoja wa Cranach wa mwaka 1531, uitwao Les Trois Grâces. Bei yake ilikuwa euro milioni 4. Louvre haikuwaomba watu zote. Ilijikusanyia kwanza kwa njia nyingine, ikauachia umma milioni 1 ya mwisho, na watu wapatao 7,000 waliijaza kabla ya muda kwisha. Hilo la pili liangalie sana. Mtu akiambiwa pengo lililobaki ni dogo na yeye anaweza kulifunga, anafungua pochi.

Utakijuaje kitu chako? Simama pembeni ya wageni. Ukiwatembeza wanafunzi wa shule, usitazame unachosema wewe, tazama wanaposimama wao. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam watu huulizia fuvu la Zinjanthropus, lile aliloliona Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959, hata kabla hawajakata tiketi. Sisi hatukuwa na fuvu. Ila niliona wanawake wote, wazee kwa vijana, wakifika kwenye khanga mbili tu tulizokuwa nazo ukutani walisimama, wakasoma jina kwa sauti, wakacheka, kisha mmoja akaanza kueleza nani katika ukoo wao aliwahi kumvalia nani khanga ya namna ile na ugomvi uliofuata. Wazo, basi, niliwaibia wao: onesho letu lilishajipanga lenyewe mbele ya macho yangu, mimi nikaliandika tu.

Na kuna vitu ambavyo havichangishiwi. Mabaki ya binadamu, minyororo ya watumwa, vitu vya matambiko vilivyochukuliwa kwa nguvu enzi za ukoloni. Usivipige picha ukavitumia kutia watu huruma. Kabla ya fedha vinahitaji mazungumzo na wenyewe, na mazungumzo hayo si kazi ya mwanafunzi wa fildi.

Sasa fedha. Andika bajeti hadi msumari. Kioo, mbao za fremu, taa zinazopunguzwa nguvu, kuchapa vibao vya maelezo, nauli ya kwenda kurekodi simulizi za wenye khanga, mpiga picha, soda za siku ya ufunguzi, posho ya mlinzi wa usiku, ada za miamala ya simu, na asilimia 10 ya dharura ambayo kila mtu atakushauri uifute. Usiifute. Kila bei iwe na karatasi ya fundi au ya duka nyuma yake. Kisha fanya hesabu ya watu, ambayo ni muhimu kuliko hesabu ya shilingi. Tuseme jumla ni milioni 12. Jumba lenyewe lina milioni 3 kwenye bajeti yake, na mfanyabiashara wa nguo amekubali kutoa milioni 3. Umma umebakiwa na milioni 6. Wastani wa anayetoa ukiwa shilingi 15,000, unahitaji watoaji 400. Na kama katika kila watu 10 wanaopata ujumbe wako atatoa 1, na hapo nimekuwa mkarimu, ujumbe lazima uwafikie watu 4,000. Wewe na marafiki zako wa chuo mnawafahamu wangapi? Hesabu hii ndiyo inayopaswa kupanga ukubwa wa onesho, si ndoto. Sisi tulianza na kabati 10, hesabu ikatushusha hadi 6.

Ushauri bora nilioupata juu ya kuchangisha sikuupata kwenye kitabu wala kwenye intaneti. Nilipewa na mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye amekuwa mweka hazina wa kamati za harusi kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Vijana tunaizungumzia michango ya umma kama kitu kilichotoka Marekani juzi. Wakenya wamefanya harambee tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Huduma ya M-Changa ilipoanza kule mwaka 2012 haikuwafundisha Wakenya kuchanga, iliihamishia harambee kwenye simu tu. Na Mtanzania gani hajapata kadi ya mchango wa harusi? Mama yule alinipa kanuni zake akiwa anachambua mchele, na nazirudia hapa kama nilivyozisikia.

Kwanza, kamati haianzi na kadi. Inaanza na kikao cha watu 10 ambao kila mmoja anatoa hapo hapo, mbele ya wenzake. Hakuna anayependa kuwa wa kwanza kutia noti kwenye kapu tupu. Kwa onesho hii ina maana kwamba siku unapolitangaza hadharani, theluthi moja ya fedha za umma iwe imeshaingia kimya kimya kutoka kwa marafiki wa jumba, walimu, wafanyakazi wastaafu, wenye maduka ya nguo.

Pili, ahadi si fedha. Kwenye daftari lake kuna safu mbili, na safu ya ahadi haijumlishwi kamwe. Mtu akiahidi 50,000 mpe tarehe na mtu mmoja wa kumkumbusha, mtu anayemheshimu. Ukumbusho wa jumla kwenye kundi la WhatsApp haumkumbushi yeyote; kila mtu hudhani anaambiwa mwingine.

Tatu, mshika daftari na mshika fedha wasiwe mtu mmoja, hata kama ni mtakatifu.

La nne alilisema akicheka, lakini mimi nililiona zito kuliko yote: usiombe kabla ya tarehe 25 wala Januari. Mishahara hutoka mwisho wa mwezi, na Januari ni ya ada za shule. Mahali pa wakulima subiri mavuno. Kampeni ya siku 30 basi ianze mwisho wa mwezi na iishie mwisho wa mwezi unaofuata, upate mishahara miwili. Katikati patapoa, jiandae. Weka kitu cha kusimulia wiki hizo mbili za ukame: simulizi ya sauti ya mwenye khanga, picha ya fremu ya kwanza ikichongwa.

Nikirudi kwenye mikono ya fedha, hapa sitabembeleza mtu. Namba ya simu yako isionekane popote kwenye mchango huu. Wala ya mhifadhi, wala ya mkurugenzi. Jumba la umma lina taratibu zake za kupokea fedha, kwa Tanzania zikiwemo namba za malipo za serikali, na kuzifuata kutakula wiki mbili tatu za barua na saini. Zianze mapema. Jumba la binafsi au la jamii lifungue lipa namba au Paybill kwa jina la jumba, si la mtu. Anayetoa aone jina hilo kwenye simu kabla hajabonyeza. Nimeona mchango mzuri ukifa ndani ya siku mbili kwa sababu jina lililotokea lilikuwa la kijana asiyejulikana, na kijana yule hakuwa mwizi.

Watu watauliza pia: si jumba la serikali hilo, serikali hailipi? Swali la haki. Smithsonian nayo inapata fedha za serikali ya Marekani na ilibidi ieleze kwamba hazikutosha kuihifadhi na kuionesha suti ile. Andika jibu lako kwa sentensi mbili kabla ya kuulizwa: serikali inalipa mishahara na umeme na paa, mchango utalipa fremu 6 na taa zake. Ukiwa huwezi kuliandika jibu hilo kwa ukweli, basi hamjawa tayari kuomba.

Walio nje je? Kwa khanga uhusiano upo kweli. Wako kina bibi Muscat wenye asili ya Unguja ambao masanduku yao yana khanga ambazo hapa nyumbani zimeshageuka matambara, na wako watoto wetu London na Minneapolis wanaotundika doti ukutani badala ya picha. Lakini usidhani utafungua kampeni ya Kickstarter ukiwa Dar es Salaam au Mombasa. Nchi zetu hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo waanzilishi wa kampeni wanakubaliwa. Wengi hutatua hilo kwa kumpa ndugu aliye Ulaya aifungue kwa jina lake. Mimi nasema hapana, labda ndugu huyo awe ni chama kilichosajiliwa kule na kimeandikiana mkataba na jumba. Fedha zitaingia kwenye akaunti ya mtu binafsi, sheria za kodi za nchi yake zitamhusu yeye, na siku akigombana na kaka yake hapa nyumbani onesho lako litakuwa shahidi. Siku hizi mtu anaweza kutuma kutoka ughaibuni moja kwa moja hadi benki au simu. Mwandikie njia hiyo hatua kwa hatua, na mwambie akumbuke na ya kutolea.

Kuhusu ujumbe wenyewe, nakuwekea miwili. Wa kwanza niliuandika mimi:

"Ndugu mdau wa utamaduni, makumbusho yetu ipo katika mchakato wa kuboresha huduma zake za maonesho kwa lengo la kuenzi urithi wetu adhimu. Hivyo tunaomba mchango wako wa hali na mali."

Wa pili uliandikwa na mwenzangu aliyenifuata, nao ndio uliotumwa:

"Khanga hii ilivaliwa siku ya harusi miaka 60 iliyopita. Mwenyewe yupo hai, ametuazima. Ili tuitundike bila kuichana inahitaji fremu na kioo: shilingi 350,000. Tumeshapata 120,000. Utaongeza ngapi?"

Sina la kuongeza.

Zawadi kwa watoaji zimewaponza wengi. Kikombe chenye nembo kikigharimu 8,000 na mtoaji wako wa wastani ametoa 15,000, umeshatumia zaidi ya nusu ya fedha zake kumshukuru. Toa visivyo na bei: jina ukutani, ziara ya stoo ya jioni na mhifadhi kwa watu 10 kwa zamu, nafasi ya kuandikisha simulizi ya khanga ya mama yake ikakaa kwenye kumbukumbu za jumba. Joseph Pulitzer mwaka 1885 alihitaji fedha za kujengea msingi wa Sanamu ya Uhuru kule New York. Aliahidi kuchapa gazetini kwake jina la kila atakayetoa, hata senti. Ndani ya miezi mitano alipata zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakiwa wametoa chini ya dola moja. Ila kwetu kuna wanaotoa kwa siri kwa sababu za dini au za kinyumbani, kwa hiyo uliza kwanza, na kwenye ukuta orodhesha majina bila viwango.

Jambo moja usilitoe zawadi hata kwa mtoaji mkubwa kuliko wote: maneno ya kibao cha maelezo. Mfadhili wetu mmoja alitaka kiandikwe kwamba kampuni ya babu yake ndiyo iliyoleta khanga pwani. Hakuwa na ushahidi, na sisi hatukuwa na mkataba unaosema nani anaamua. Tulipoteza wiki nzima ya aibu na chai. Mgeni rasmi naye, akiwa mwanasiasa, atataka mengi. Yaandikwe mapema, kurasa mbili zinatosha, kwamba maudhui ni ya jumba.

Amueni pia mkikosa. Kwenye Kickstarter lengo lisipofikiwa hakuna anayekatwa hata senti. Kwa fedha za simu hakuna kinga hiyo, zikishaingia zimeingia. Basi semeni tangu siku ya kwanza: tukipata nusu, tutaonesha kabati 3 badala ya 6, tukipata chini ya robo, tutawarudishia. Na msiahidi tarehe ya ufunguzi msiyoiweza. Wale waliochangia suti ya Armstrong mwaka 2015 waliiona ikizinduliwa tarehe 16 Julai 2019. Miaka minne. Smithsonian inaweza kusubiriwa miaka minne. Makumbusho ya wilaya ikichelewa miezi minne bila kusema neno, mtaani watasema fedha zimeliwa.

Wiki ya mwisho ya fildi usiitumie kuaga. Panga faili. Ndani yake iwemo orodha ya vioneshwa na namba zake, hati za azima, bajeti na karatasi za bei, barua za ruhusa, majina ya kamati, rasimu za ujumbe, kalenda, na ukurasa mmoja wa mambo yaliyokushinda na kwa nini. Lile la mwisho wengi hulificha wakihofia alama za msimamizi wa chuo. Mimi nililiandika kwa penseli, nikaandika hata habari ya khanga na mafagio. Mwanafunzi aliyenifuata aliniambia baadaye kwamba ndio ukurasa alioufungua mara nyingi zaidi.

Onesho lilifunguliwa miezi 11 baada ya mimi kuondoka. Nilikwenda kama mgeni, nikalipa kiingilio. Matumizi yalibandikwa mlangoni yakiwa na risiti. Zilikuwa zimebaki shilingi 46,500, zikanunua karatasi zisizo na asidi. Khanga ya bibi ilirudishwa nyumbani kwake siku ile ile iliyoandikwa kwenye hati.